Shavu la dirishani: kisa cha krimu ya peptidi na uso uliozeeshwa na jua

Aliweka vitu viwili mezani kabla hata hajakaa vizuri: kikopo cha krimu kilichobaki robo, na simu yenye picha mbili za uso wake zilizopangwa ubavu kwa ubavu. Hakuja kulalamika. Alikuja kuonyesha ushindi.

"Dokta, hii kitu imenikubali," alisema. "Nataka tu uniambie kama niongeze na ile ya shaba, au hii inatosha."

Ni mwanamke wa miaka 51, ngozi ya maji ya kunde, mhasibu. Havuti sigara, hana ugonjwa wa kudumu. Miezi minne nyuma alianza kusumbuliwa na mambo matatu: mikunjo myembamba pembeni mwa macho, madoa ya kahawia mashavuni, na ngozi ambayo kwa maneno yake "imechoka". Akanunua krimu yenye peptidi, yaani vipande vifupi vya protini, akapaka asubuhi na usiku bila kukosa. Siku ya tisa mwenzake kazini akamuuliza amebadilisha nini.

Hiyo siku ya tisa niliiandika na kuipigia mstari. Nitairudia, kwa sababu ndani yake mna nusu ya kisa hiki.

Picha mbili

Picha ya kwanza ilipigwa asubuhi ametoka kuamka, mwanga ukitokea ubavuni. Ya pili ilipigwa mchana, uso umeelekea dirishani, na nadhani hata tabasamu lilikuwa tofauti. Sikumwambia kitu. Nilizima taa ya chumba, nikampa kioo cha mkono, nikawasha tochi ndogo ninayokagulia ngozi. Nilipoishika usawa wa sikio lake, kila mkunjo uliangusha kivuli chake, na vinyweleo vya shavuni vikaonekana kama ukuta uliopigwa lipu na fundi mwenye haraka. Nikaizungusha tochi polepole hadi ikawa mbele ya pua. Mikunjo ikapotea.

"Hebu irudishe," akasema. Nikairudisha ubavuni, na mikunjo ikarudi. Akaichukua tochi mwenyewe, akaizungusha mara tatu, kisha akaitazama simu yake na kucheka.

Hilo halikuthibitisha kwamba krimu haikufanya kitu. Lilionyesha tu kwamba picha zile haziwezi kutoa ushahidi, si wa kuitetea krimu wala wa kuishitaki. Picha nyingi za "kabla na baada" zinazozunguka kwenye simu zetu zina kasoro hiyohiyo, na wanaozipiga kwa biashara wanaijua vizuri zaidi kuliko mimi na wewe.

Upande wa kushoto

Nilimkagua kwa mwanga uliotulia. Jambo la kwanza nililoliona yeye hakuwa amelitaja: nyuso zake zilikuwa mbili. Shavu la kushoto lilikuwa na madoa makubwa zaidi, yenye kingo zilizofifia, na ngozi yake ilikuwa nene kidogo ukiipapasa. Pembeni mwa jicho la kushoto nilihesabu mikunjo sita inayobaki hata akiwa ametulia kabisa, kulia, mitatu. Nilipoivuta ngozi ya chini ya jicho na kuiachia, kushoto ilichelewa kurudi.

"Ofisini unakaa vipi?"

Akanichorea kwa kidole juu ya meza yangu: hapa mlango, hapa kabati la mafaili, hapa yeye, na hapa, mkono wa kushoto, dirisha. Kwa muda gani? Akafikiri kidogo. Miaka 22.

Watu wengi huamini kwamba aliye ndani ya kioo yuko salama na jua. Imani hiyo ni kweli nusu. Kioo cha kawaida cha dirisha huzuia karibu mionzi yote ya UVB, ile inayounguza, ndiyo maana hujawahi kubabuka ukiwa umekaa ofisini. Lakini sehemu kubwa ya mionzi ya UVA, yenye urefu wa mawimbi kati ya nanomita 320 na 400, hupita. Na UVA ndiyo inayozama hadi tabaka la ndani la ngozi, mahali ilipo kolajeni, protini inayoishikilia ngozi. Kwa hiyo dirisha humwondolea mtu maumivu ambayo yangemfanya ajikinge, kisha linaachia kinachomzeesha. Mwaka 2012 madaktari wawili wa Chicago walichapisha picha ya dereva wa lori mwenye miaka 69, aliyekuwa ameendesha kwa miaka 28. Upande wa kushoto wa uso wake, ulioelekea kioo cha mlango, ulikuwa na mikunjo mikubwa na ngozi nene yenye mafundofundo, na upande wa kulia ungeweza kuwa wa mdogo wake. Mhasibu wetu hakufika huko, ila njia ni ileile.

Kinachotokea ndani kinaeleweka vizuri. Mionzi ikigonga seli, huzalisha molekuli za oksijeni zenye uchokozi. Hizo huamsha ishara ndani ya seli. Ishara huita vimeng'enya vya kukatakata kolajeni, na papo hapo utengenezaji wa kolajeni mpya hupungua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha mwaka 1996 kwamba hata kiasi cha mionzi kilicho chini kabisa ya kile cha kuifanya ngozi iwe nyekundu kinatosha kuanzisha mambo hayo. Uharibifu wa siku moja ni mdogo mno. Tatizo ni kwamba marekebisho yake hayawi kamili, na kovu hilo lisiloonekana hujumlishwa kesho yake, na kesho kutwa. Kolajeni nayo haibadilishwi kama nguo: nusu ya maisha yake ndani ya ngozi ni kama miaka 15.

Je, rangi haikumkinga? Ilimkinga, na ndiyo sababu mikunjo yake ni michache kuliko ya wengi wa umri wake wenye ngozi nyeupe. Vipimo vya mwaka 1979 vilionyesha kwamba tabaka la juu la ngozi nyeusi hupitisha karibu asilimia 18 ya UVA, na la ngozi nyeupe karibu asilimia 55. Tofauti hiyo ni kubwa, lakini asilimia 18 kwa miaka 22 haiwezi kuitwa sifuri. Kwenye ngozi kama yake uzee wa jua hutangulia kama madoa na rangi isiyolingana. Mikunjo hufuata baadaye. Kwa hiyo alikuwa amenunua dawa ya mikunjo wakati mashitaka makubwa ya uso wake yalikuwa ni rangi.

Karibu na panda la uso la kushoto palikuwa na kijidoa kilichoinuka, cheusi, kikavu, ambacho naye alikuwa akikipaka krimu asubuhi na jioni "kiondoke". Nilikitazama kwa darubini ya ngozi. Kilikuwa kiotea cha kawaida cha umri, kisicho na madhara. Nalitaja kwa sababu moja. Doa jipya, linalokua, linalobadilika rangi, linalotoa damu au linalokwaruza kama msasa halipakwi krimu ya urembo hata siku moja kabla halijatazamwa na mtu anayejua. Mtu anaweza kuibembeleza saratani kwa miezi mingi huku akiamini anaondoa uzee.

Kikopo

Baada ya hapo nilikigeuza kikopo na kusoma. Mbele kulikuwa na maneno "hupunguza mwonekano wa mikunjo". Watu huyapita bila kutulia, nami humwomba kila mgonjwa atulie kwenye neno moja: mwonekano. Tangu sheria ya mwaka 1938 ya Marekani, kitu kinachokusudiwa kubadili muundo au kazi ya mwili ni dawa, na dawa lazima ithibitishwe kwa serikali kabla ya kuuzwa. Kinachokusudiwa kupendezesha ni kipodozi. Neno hilo dogo, basi, lina kazi kubwa. Kampuni ingeandika "hujenga kolajeni" bila kulizungusha, ingekuwa imejiita dawa. Mteja anasoma ahadi ya fundi wa ujenzi, lakini mwanasheria ameandika ahadi ya fundi wa rangi.

Nyuma kulikuwa na orodha ya viambato. Maji yalitangulia, kisha gliserini, kisha mafuta mawili matatu na silikoni. Karibu na mkia, baada ya kihifadhi cha fenoksiethanoli, zilikuja peptidi mbili: pentapeptidi yenye mkia wa asidi ya mafuta, ile inayoandikwa Palmitoyl Pentapeptide-4, na heksapeptidi inayojulikana kibiashara kama Argireline.

Hapa kuna kanuni moja inayofundishwa sana na wajuzi wa mitandaoni: viambato hupangwa kwa uzito, kihifadhi hicho hakiruhusiwi Ulaya kuzidi asilimia 1, kwa hiyo chochote kinachokifuata ni kidogo mno na ni cha kupamba lebo tu. Mwenyewe nilikuwa nikiisema. Kwa peptidi kanuni hiyo inapotosha. Utafiti unaotajwa zaidi kuhusu pentapeptidi hii ulitumia sehemu 3 tu kwa milioni. Katika kikopo cha gramu 50 hiyo ni miligramu 0.15, uzito usiofikia hata punje moja ya sukari. Peptidi iliyowekwa kwa kiasi sahihi lazima ikae mkiani, na peptidi iliyowekwa kwa ajili ya tangazo nayo itakaa mkiani. Lebo haikusaidii kuzitenganisha, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi kuhusu bidhaa hizi.

Peptidi inadaiwa kufanya nini

Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, kipande cha protini. Wazo la pentapeptidi ni zuri, sitaki kulidharau. Mwaka 1993 watafiti waligundua kwamba kijipande cha asidi amino tano, kinachotoka kwenye kolajeni changa, kikiwekwa kwenye seli za ngozi maabara huzichochea kutengeneza kolajeni zaidi. Ni kama fundi anayeona vipande vya tofali chini akajua ukuta umebomoka mahali, akaanza kuchanganya saruji. Krimu humwagia fundi vipande vya tofali ambavyo havikutoka kwenye ukuta wake, ili aamke.

Heksapeptidi ina hadithi nyingine kabisa. Imeigizwa kutoka kwenye ncha ya protini inayosaidia neva kumwaga kemikali ya kukaza misuli, na inadaiwa kulegeza misuli ya uso. Mwaka 2002 walioitengeneza, huko Uhispania, walitoa taarifa kwamba myeyusho wa asilimia 10 ulipunguza kina cha mikunjo kwa asilimia 30 ndani ya siku 30. Wanawake waliopimwa walikuwa wachache sana. Mimi huiamini kwa shingo upande: misuli iko chini ya ngozi yote, na sijaona mtu aliyepaka heksapeptidi akashindwa kukunja uso.

Ile "ya shaba" aliyoniulizia ni ya tatu: asidi amino tatu zinazoshika chembe ya shaba, iliyotengwa kutoka kwenye damu ya binadamu na Loren Pickart mwaka 1973, na yenye historia ndefu ya utafiti wa kuponya vidonda.

Kizuizi cha zote ni mlango. Tabaka la nje kabisa la ngozi ni seli zilizokufa, zimepangwa kama vigae na kuunganishwa kwa mafuta, na kazi yake ni kuzuia vitu visiingie. Mwaka 2000 watafiti Bos na Meinardi waliandika kanuni ambayo bado tunaitumia: molekuli inayozidi uzito wa dalton 500 (dalton ni kipimo cha uzito wa molekuli) hupita kwa shida sana. Pentapeptidi pamoja na mkia wake ni kama 802. Heksapeptidi ni kama 889. Mkia wa mafuta uliongezwa kusudi, ili molekuli inayopenda maji iweze kujipenyeza kati ya mafuta ya vigae, na unasaidia kiasi. Ile ya shaba ni nyepesi, haifiki 500, lakini inapenda maji na mlango ni wa mafuta. Zikishapita, zinakutana na vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kukata peptidi.

Kwa nini basi kuna tafiti zinazoonyesha kitu? Kwa sababu kidogo kinaingia, na kidogo hicho huenda kinafanya kazi. Utafiti wa mwaka 2005 niliougusia uliwachukua wanawake 93 wa miaka 35 hadi 55, wiki 12, krimu yenye peptidi nusu moja ya uso na krimu ileile isiyo na peptidi nusu nyingine, na si wao wala wapimaji waliojua ipi ni ipi. Upande wa peptidi ulishinda kwenye mikunjo myembamba. Ulishinda kwa tofauti ndogo, watafiti walikuwa wa kampuni ya vipodozi, na wanawake wote walikuwa weupe. Mgonjwa wangu na madoa yake hakuwemo kwenye swali lile.

Sasa turudi siku ya tisa. Tabaka la juu la ngozi hujipya kwa kama wiki nne, na zaidi kadiri umri unavyokwenda. Kolajeni mpya inahitaji miezi. Kitu kinachoonekana na mwenzako siku ya tisa hakiwezi kuwa kolajeni. Kilikuwa gliserini, iliyokaa namba mbili kwenye orodha, ikivuta maji kwenye ngozi iliyokuwa imekauka. Seli za juu huvimba kidogo, mikunjo ya ukavu hujaa, mwanga hurudi sawasawa. Ni faida ya kweli, tena inapatikana kwenye losheni ya kawaida kabisa.

Nusu uso

Nilimweleza hayo, naye akanisikiliza kwa adabu ya mtu asiyeamini. "Mimi naona tofauti, dokta." Nikamjibu kwamba simkatalii, tatizo ni tofauti imeletwa na nini. Nikapendekeza tufanye kama wale wa 2005, kwa uso mmoja.

Muuguzi wetu alijaza vikopo viwili vyeupe vinavyofanana, kimoja krimu yake, kingine krimu nyepesi ya gliserini, akabandika kibandiko chekundu na cha bluu. Chekundu kushoto, bluu kulia, wiki 12. Si yeye wala mimi tuliyejua kipi kina nini. Asubuhi, krimu ya kukinga jua uso mzima. Picha zilipigwa kila wiki ya nne kwenye kiti kilekile, taa ileile, kidevu kikiwa juu ya kishikizo.

Sitalipamba jaribio hili. Lilikuwa na tundu kubwa, nami nililigundua tukiwa tumeshaanza: pande zake hazikuwa sawa tangu mwanzo. Kushoto kuliharibiwa na dirisha, kwa hiyo kinga ya jua peke yake ingeweza kuusaidia upande wa kushoto zaidi, na ushindi huo ungeandikwa kwa jina la kikopo. Njia sahihi ni kubadilisha vikopo katikati. Tulipanga hivyo, lakini hatukubadilisha. Wiki ya sita akakiri kwamba siku mbili kabla ya kupigwa picha za kitambulisho kazini alipaka chekundu uso mzima, "maana nilishahisi ndicho chenyewe". Nilicheka, kisha nikaandika.

Wiki ya 12 niliwapa wenzangu wawili picha zisizo na alama za tarehe. Wote walizitambua za mwanzo na za mwisho: ngozi ilikuwa laini zaidi na madoa yamefifia kidogo, pande zote mbili. Lakini nilipowauliza ni upande gani umenufaika zaidi, mmoja alisema kushoto, mwingine akasema haoni. Mikunjo sita pembeni mwa jicho la kushoto ilibaki sita. Mmoja ulikuwa mwembamba zaidi, au ndivyo nilivyotaka kuuona.

Chekundu kilikuwa na peptidi. Alikuwa amebahatisha sawa. Nilipomuuliza alijuaje, alisema kilikuwa kinateleza vizuri zaidi. Hiyo ni silikoni.

Uso mmoja hauwezi kuhukumu peptidi. Ungeweza tu kumwonyesha yeye kile anacholipia, na kwake ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya alichokipata ilitoka kwenye unyevu na kwenye kinga ambayo kabla ya hapo hakuwa nayo.

Kinga, na kiasi chake

Aliponiambia mara ya kwanza kwamba "jua najikinga", nilimwomba anionyeshe. Akatoa kitone cha ukubwa wa kucha ya kidole kidogo, akakisambaza uso mzima. Namba ya SPF, ile ya nguvu ya kinga inayoandikwa kwenye krimu, hupimwa maabara kwa miligramu 2 kwa kila sentimita mraba, na watu wengi hupaka robo hadi nusu ya hapo. Kipimo ninachofundisha ni vidole viwili: mstari wa krimu kwenye kidole cha shahada na mwingine kwenye kidole cha kati, kuanzia shina hadi ncha, kwa uso na shingo. Alipouona mstari wa pili alinitazama kama nimemwambia anywe chupa nzima.

Namba ya SPF huzungumzia hasa UVB. Kwa mtu wa dirishani, kinachotakiwa ni bidhaa inayosema wazi kwamba inazuia na UVA. Zinazouzwa Ulaya huweka herufi hizo ndani ya duara. Na kwa ngozi yenye rangi kuna jambo la ziada ambalo hata baadhi yetu tulichelewa kulijua: mwanga wa kawaida unaoonekana nao hukoleza madoa, na krimu nyingi za kukinga jua haziuzuii. Zenye tinti, yaani zenye oksidi za chuma, huuzuia. Tinti pia ilimtatulia lalamiko lake la zamani la kuonekana kama aliyepakwa majivu.

Kama kuna mtu anataka ushahidi mzito kwa uzee wa jua, uko hapa. Kule Nambour, Australia, watu wazima 903 walio chini ya miaka 55 walifuatiliwa kwa miaka minne na nusu. Matokeo yalitoka mwaka 2013: waliopewa maagizo ya kupaka kila siku walikuwa na ongezeko la dalili za uzee wa ngozi lililo dogo kwa asilimia 24 kuliko waliopaka wanapojisikia. Sijaona utafiti wa peptidi wenye watu wengi hivyo kwa muda mrefu hivyo.

Cha pili ni tretinoini, inayotokana na vitamini A. Daktari wa ngozi Albert Kligman aliripoti mwaka 1986 kwamba inarekebisha ngozi iliyoharibiwa na jua, jaribio la Michigan la mwaka 1988 likathibitisha, na Marekani ikaiidhinisha mwaka 1995 kama dawa ya mikunjo myembamba, madoa na ukwaru wa uso. Hiyo ndiyo niliyomwandikia: asilimia 0.025, chembe ndogo, usiku mbili kwa wiki, kisha tatu. Mjamzito haipaki. Na ngozi ya maji ya kunde haikimbizwi nayo, kwa sababu ikiwashwa na kubabuka huacha madoa mapya meusi kuliko yale uliyokuja kuyatibu. Wiki ya tatu alianza kuchubuka pembeni mwa mdomo. Tulisimamisha siku tano, tukarudi na usiku mmoja.

Hapo ndipo kikopo chake kilipopata kazi. Usiku usio wa tretinoini alipaka krimu yake ya peptidi, na ilimtuliza. Peptidi karibu haziwashi, na kwa mtu ambaye ngozi yake haivumilii tretinoini hata kwa subira, sioni ubaya wa kuzitumia akijua anatarajia nini. Ninachokataa ni kuzitanguliza mbele ya kinga.

Ya shaba nilimwambia aache, hasa kwa kuwa alipanga kuipaka pamoja na seramu ya vitamini C. Shaba huiharibu haraka asidi askobiki, ambayo ndiyo vitamini C yenyewe; angekuwa analipia vitu viwili vinavyomalizana. Aliwahi pia kushawishiwa krimu ya "kung'arisha" madoa isiyo na orodha ya viambato. Hiyo sikuijadili kwa upole. Zebaki na steroidi kali hujificha humo, na nimeona nyuso ambazo hazikurudi.

Alikuja tena mwezi wa tisa. Madoa ya kushoto yalikuwa yamefifia kiasi kwamba ilibidi nitoe picha ya kwanza ili kuyapima. Mikunjo ilikuwa imelegea, si kufutika. Kikopo hakukinunua tena, alibaki na losheni ya gliserini. Alikuwa na habari moja: wamehamishiwa ghorofa nyingine.

"Na dirisha?"

"Sasa liko kulia," alisema, akikishika kidevu chake kama anayepima. "Si ndiyo vizuri, dokta? Zitalingana."

Nikamnyooshea vidole viwili. Akaninyooshea vyake, akaondoka.